Nyumba Njema si Mlango

Wahenga walinena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii hutumiwa sana na wazee wanapowaonya vijana walio katika kutafuta wachumba, ili wasidanganywe na sura na mapambo. Lakini iko nyumba moja katika mji wa Kigali, nchini Rwanda, ambayo methali hii yaifaa kuliko nyumba yoyote ya tofali na bati. Nyumba hiyo haina sebule wala jiko. Ina nyasi katikati, milingoti ya magoli pande mbili, na majukwaa ya kuizunguka. Jina lake ni Amahoro, na maana yake kwa Kinyarwanda ni Amani.

Msafiri atokaye uwanja wa ndege wa Kanombe kuelekea katikati ya mji hupita Remera, na hapo Remera ndipo ilipo Gisimenti. Ndani ya jina hilo sikio hulisikia neno la Kifaransa la saruji. Gisimenti ni mahali pa maduka, hoteli, mishikaki ya mbuzi, ndizi za kuchoma, na vijana wanaonyoosha miguu baada ya kazi. Siku ya mchezo mkubwa barabara zake hufurika watu waliovaa rangi za timu zao: nyeusi na nyeupe ya APR, buluu na nyeupe ya Rayon Sports. Wote huelekea upande mmoja, kwa kuwa uwanja hauko mbali, na mtu mzima aweza kwenda kwa miguu bila ya kutoka jasho.

Wapenzi wa kandanda wana msemo wao, "uwanja wa nyumbani". Msemo huu umezoeleka mno katika kurasa za michezo hata hakuna aufikiriaye tena. Timu yacheza nyumbani, timu yacheza ugenini, basi. Lakini katika mwaka wa 1994 msemo huo ulipata maana yake kamili pale Gisimenti. Watu wapatao 12,000 waliingia katika uwanja huo wakaufanya nyumba. Walilala juu ya majukwaa ya saruji, chini ya ngazi na juu ya nyasi. Walikula kidogo walichokipata. Wengi waliugua, na wengine walifia humo humo. Timu nyingi zimewahi kuuita uwanja huo nyumbani; lakini wenyeji wake wa haki, waliolipa kodi ya nyumba hiyo kwa machozi, ni watu hao.

JENGO NA WENYEJI WAKE

Uwanja wa Amahoro ulijengwa katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China. Katika miaka hiyo China ilizisaidia nchi nyingi za Afrika kujenga viwanja vya michezo, na Rwanda haikuachwa nyuma. Kabla ya hapo michezo mikubwa ya Kigali ilichezwa zaidi upande wa Nyamirambo, mtaa wa wafanyabiashara na mafundi, ambako Kiswahili husikika kuliko mahali pengine popote mjini humo. Amahoro ulipofunguliwa, nchi ilipata uwanja wake mkubwa kuliko vyote, wenye nafasi ya watazamaji wapatao 25,000.

Wasomaji walio jeshini watapenda kujua kwamba hata wakati huo soka ya Rwanda ilikuwa na mkono wa askari. Timu ya Panthères Noires, yaani Chui Weusi, ilikuwa timu ya jeshi la serikali ya siku hizo, na iliutwaa ubingwa wa nchi mara kadhaa katika miaka ya 1980. Rayon Sports, iliyoanzishwa Nyanza katika mwaka wa 1968, ilikuwa na mashabiki wengi mashambani na mijini. Kiyovu nayo ilikuwa timu ya mji mkuu. Kila moja ilikuwa na nyimbo zake, wazee wake, na ugomvi wake wa kudumu na jirani.

Kisha vita vikaingia. Mnamo Oktoba 1990 jeshi la RPF lilianza mapigano kutoka upande wa kaskazini. Mazungumzo yalifuata mjini Arusha, Tanzania, na mkataba wa amani ukatiwa saini tarehe 4 Agosti 1993. Mwaka huo huo wa 1993, wakati silaha zilikuwa bado mikononi, wapiganaji wa jeshi hilo walianzisha timu yao ya kandanda. Jeshi lao kwa Kifaransa liliitwa Armée Patriotique Rwandaise, na timu ikaitwa kwa herufi zake tatu: APR. Ndiyo timu ambayo baadaye iliufanya Amahoro kuwa uwanja wake wa nyumbani kwa miaka mingi.

Ili kuusimamia mkataba wa Arusha, Umoja wa Mataifa uliunda kikosi kilichojulikana kwa jina la UNAMIR, chini ya Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada. Makao yake makuu yaliwekwa katika Hoteli Amahoro, karibu kabisa na uwanja. Ndani ya uwanja wenyewe waliwekwa askari kutoka Bangladesh. Hivyo kabla hata ya mambo kuharibika, langoni pa uwanja wa kandanda palikwisha kuwapo walinzi na bendera ya buluu.

APRILI 1994

Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994, ndege iliyomchukua Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi ilitunguliwa ilipokuwa ikikaribia kutua Kanombe. Usiku huo huo mauaji yalianza. Asubuhi ya tarehe 7 Waziri Mkuu, Bibi Agathe Uwilingiyimana, aliuawa, na askari 10 wa Ubelgiji waliotumwa kumlinda waliuawa vilevile. Siku hiyo aliuawa pia Bwana Landoald Ndasingwa, waziri katika serikali, pamoja na mkewe na watoto wao wawili. Huyu ndiye Lando ambaye jina lake liko hadi leo katika hoteli ya Chez Lando, ambayo kila mkazi wa Gisimenti aijua.

Hayo yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Katika muda wa siku 100 hivi waliuawa watu zaidi ya 800,000. Hesabu ya serikali ya Rwanda inapita milioni 1. Waliouawa pamoja nao ni Wahutu waliokataa kushiriki au waliopinga siasa ya chuki.

Watu wa Remera na mitaa ya jirani walipoona vizuizi vimewekwa barabarani na majirani wameshika mapanga, walikimbilia palipokuwa na bendera ya Umoja wa Mataifa. Walikuja na walichoweza kubeba: mtoto mgongoni, blanketi, sufuria, pengine mfuko mmoja wa unga. Mama aliyewahi kuhama nyumba kwa uhamisho wa kazi ya mumewe anajua jinsi ilivyo vigumu kuchagua cha kuchukua hata pale mtu anapopewa wiki nzima ya kufunga mizigo. Hawa walipewa dakika.

Ndani ya uwanja hali ilikuwa nzito. Jengo lililotengenezwa ili watu wakae saa mbili kisha warudi makwao lilikuwa sasa la kukaa usiku na mchana, wiki baada ya wiki. Maji hayakutosha. Vyoo havikutosha. Chakula kilikuwa cha kubahatisha, na magonjwa ya kuhara yakaenea. Aidha, vita kati ya majeshi mawili vilikuwa vikiendelea kuuzunguka mji, na makombora yaliangukia ndani ya uwanja, yakaua na kujeruhi watu waliokuwa wamekimbia kifo cha panga. Jina la Amani lilikuwa limeandikwa nje. Ndani mlikuwa na kilio.

Hata hivyo, sehemu kubwa sana ya watu hao waliishi. Na hapa ndipo penye somo la makala hii.

KUTA NI ZILE ZILE

Mtu aweza kudhani kwamba kilichowaokoa ni ukuta wa uwanja, unene wa saruji yake na urefu wa majukwaa yake. Dhana hiyo si kweli, na ushahidi wake unapatikana katika uwanja mwingine wa Rwanda wa wakati ule ule.

Kando ya Ziwa Kivu, katika mji wa Kibuye, palikuwa na uwanja wa michezo ulioitwa Gatwaro. Huko nako watu walikusanyika kwa maelfu katika Aprili 1994. Waliambiwa kwamba wakiingia uwanjani serikali itawalinda. Nao uwanja ulikuwa na ukuta, na langoni palikuwa na watu wenye bunduki na sare. Tarehe 18 Aprili wenye sare hao, wakiwamo askari wa jandarma na polisi wa tarafa, pamoja na wanamgambo, waliwafyatulia risasi watu waliokuwa ndani. Maelfu waliuawa. Mkuu wa mkoa wa Kibuye, Clément Kayishema, ambaye kwa cheo chake ndiye aliyepaswa kuwalinda wananchi hao, alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha. Mnamo Mei 1999 alipatikana na hatia ya mauaji ya kimbari, ya uwanja huo na ya mahali pengine, akahukumiwa kifungo cha maisha.

Mfano wa pili uko Kigali kwenyewe, si mbali na Gisimenti. Katika Kicukiro palikuwa na shule ya ufundi iliyojulikana kwa herufi ETO. Askari wa Ubelgiji wa UNAMIR walikuwa na kambi humo, na watu wapatao 2,000 au zaidi walikimbilia kwao. Tarehe 11 Aprili askari hao waliamriwa kuondoka. Magari yao yalipotoka langoni, wauaji waliokuwa wakingoja nje waliingia. Watu wale walipelekwa katika kilima cha Nyanza, hapo hapo Kicukiro, na wengi mno wakauawa huko.

Basi pana nyumba tatu: Amahoro, Gatwaro na ETO. Zote zilikuwa na kuta. Zote zilikuwa na lango. Watu walioingia katika kila moja walikuwa watu wa namna moja, wenye hofu moja na watoto wa umri mmoja. Katika nyumba ya kwanza mlinzi alibaki. Katika ya pili mlinzi aligeuka kuwa muuaji. Katika ya tatu mlinzi aliondoka. Tofauti ya uhai na kifo haikuwa katika saruji. Ilikuwa katika mtu aliyesimama mlangoni. Nyumba njema si mlango.

WALIOBAKI

Haipasi kusahau kwamba hata pale Amahoro kubaki hakukuwa jambo rahisi. Tarehe 21 Aprili 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 912, likaamuru UNAMIR, iliyokuwa na askari wapatao 2,500, ipunguzwe ibaki na watu 270. Wabelgiji walikuwa wamekwisha kwenda, na Wabangladesh nao wakaondolewa. Ilidhaniwa na wengi kwamba kikosi chote kitafunga mizigo.

Naibu wa Jenerali Dallaire alikuwa Brigedia Jenerali Henry Anyidoho wa Ghana. Yeye na askari wake wa Ghana walibaki. Idadi iliyobaki ilizidi ile iliyoruhusiwa, lakini bado ilikuwa ndogo mno kwa mji mzima uliokuwa ukiwaka moto. Walikuwa na silaha nyepesi, risasi chache, na chakula na petroli vya kupimwa. Kwa nguvu za bunduki wasingeweza kulishinda jeshi lolote. Walichokuwa nacho ni kule kuwapo kwao. Mtu aliyetaka kuua alijua kwamba pale langoni pana shahidi mwenye sare, na kwamba ili kuingia ndani ingempasa kwanza ampite shahidi huyo.

Miongoni mwa waliobaki alikuwamo Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, mwangalizi wa kijeshi asiyekuwa na silaha. Alikuwa akipita katika vizuizi vya wauaji kwa gari lake, akiwachukua watu wawili, watatu au watano kwa safari, akawafikisha penye usalama. Kila kizuizi alikipita kwa maneno, kwa mzaha, na kwa sigara alizozigawa. Tarehe 31 Mei 1994 kombora liliangukia karibu na gari lake katika kizuizi kimoja mjini Kigali, akafa. Miaka 20 baadaye, katika Mei 2014, Baraza la Usalama liliamua kuanzisha nishani ya ushujaa wa kipekee yenye jina lake. Mtu aliyepewa kazi ya kutazama na kuandika taarifa alikataa kuwa mtazamaji.

Kadiri siku zilivyopita, eneo la Remera, pamoja na uwanja, lilikuwa upande wa jeshi la RPF, na watu wa ndani wakawa wakihamishwa kwa makundi kupelekwa palipokuwa na utulivu zaidi. Tarehe 4 Julai 1994 jeshi hilo liliutwaa mji wote wa Kigali. Uwanja ulibaki na majukwaa yake, na nyasi zilizokanyagwa na watu 12,000.

MPIRA KURUDI

Watu wengine wanaweza kuuliza: je, si aibu kucheza mpira mahali kama hapo? Si afadhali ungefungwa kabisa? Wanyarwanda walijibu swali hilo kwa matendo. Ligi ilirudi, na katika mwaka wa 1995 APR ilichukua ubingwa wake wa kwanza. Uwanja ulioitwa Amani ulianza tena kusikia kipenga.

Miaka iliyofuata iliuletea furaha nyingi. Katika mwaka wa 1999 Rwanda iliandaa Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati, na timu yake ya pili, Rwanda B, ikawashangaza wote kwa kuifunga Kenya mabao 3-1 katika fainali. Tangu mwaka wa 2002 mashindano ya vilabu vya kanda hii yalianza kuitwa Kombe la Kagame, na APR ililitwaa katika miaka ya 2004, 2007 na 2010.

Siku ambayo wenyeji wa Gisimenti huisimulia zaidi ni tarehe 6 Julai 2003. Rwanda ilikuwa ikicheza na Ghana kutafuta nafasi ya kwenda katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Jimmy Gatete, aliyekuwa amekwisha kuifunga Uganda mjini Kampala mwezi uliotangulia, alipachika bao pekee la mchezo huo. Rwanda ikashinda 1-0 na kwenda Tunisia katika mwaka wa 2004, mara yake ya kwanza. Hapana budi kukumbuka ni nani aliyefungwa siku hiyo: Ghana, nchi ambayo wanawe walisimama langoni pa uwanja huo huo miaka 9 kabla. Katika michezo aliyekulinda jana aweza kuwa mpinzani wako leo, na baada ya kipenga cha mwisho mkapeana mikono. Huo ndio utani wa heshima ambao vita haviujui.

Katika Januari 2011 vijana wa Rwanda walio chini ya umri wa miaka 17 walifika fainali ya Afrika pale pale Amahoro. Walifungwa na Burkina Faso mabao 2-1, lakini walikwisha kupata nafasi ya kwenda Kombe la Dunia la vijana nchini Mexico. Hesabu ni rahisi kwa kila mzazi: mtoto ambaye mnamo Januari 2011 hakuwa amefikisha miaka 17 hakuwa hata na umri wa kutembea Aprili ya 1994 ilipoanza, na wengi wao walikuwa hawajazaliwa. Kizazi kilichokuwa kimekusudiwa kisiwepo kilikuwa kikikimbia juu ya nyasi zile kikiwa kimevaa jezi ya taifa.

Baadaye, katika mwaka wa 2016, Rwanda iliandaa mashindano ya CHAN, ya wachezaji wa ligi za ndani. Wenyeji walitolewa na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo katika robo fainali kwa mabao 2-1 baada ya dakika za nyongeza, na Wakongo hao wakaifunga Mali 3-0 katika fainali ya tarehe 7 Februari.

KUHAMA NA KURUDI

Wahenga walisema tena: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Katika mwaka wa 2022 uwanja wa zamani wa Amahoro ulifungwa ili ujengwe upya. Timu zilizokuwa zikiuita nyumbani ikabidi zihame. APR na Rayon Sports zilicheza zaidi Nyamirambo, katika uwanja ambao mnamo Machi 2023 ulipewa jina la Pelé, wakati mkutano mkuu wa FIFA ulipofanyika Kigali. Timu ya taifa ilipata taabu zaidi. Mnamo Juni 2022 mchezo wake wa nyumbani dhidi ya Senegal ulichezwa Senegal kwenyewe, kwa kuwa Rwanda haikuwa na uwanja uliokubaliwa. Baadaye ilitumia uwanja wa Huye, kusini mwa nchi. Mashabiki walionja, kwa kiasi kidogo sana, ladha ya kukosa pa kwenda.

Kampuni ya Summa ya Uturuki ndiyo iliyoujenga uwanja huo upya. Ulikuwa na nafasi ya watu 25,000. Sasa una nafasi ya watu 45,000, na paa limewafunika wote. Tarehe 15 Juni 2024 APR na Rayon Sports zilicheza mchezo wa kuujaribu, zikatoka sare bila ya kufungana. Tarehe 1 Julai 2024, siku tatu kabla ya sikukuu ya ukombozi, Rais Paul Kagame na Rais wa Shirikisho la Soka la Afrika, Bwana Patrice Motsepe, waliufungua rasmi. Mchezo wa siku hiyo ulikuwa kati ya APR na Polisi FC, na APR ikashinda 1-0.

Kwa wasomaji wa ukurasa huu jambo hilo lina uzito wake. Katika nyumba ambayo uhai wa watu ulitegemea mwenye sare aliyesimama mlangoni, waliopewa heshima ya kufungua mlango mpya ni timu ya jeshi na timu ya polisi. Heshima hiyo ni kubwa, na ni deni vilevile.

LA KUWAAMBIA WATOTO

Uwanja wa zamani haupo tena kama ulivyokuwa. Kijana atakayeingia Amahoro leo ataona viti vipya, taa kali na paa zuri, naye ataamini kwamba uwanja ulianza siku alipouona. Hilo si kosa lake. Ni kazi ya wazazi kumwambia. Kwa miaka mingi matembezi ya kuwakumbuka waliouawa, kila tarehe 7 Aprili, yaliishia hapo uwanjani, na watu wakakesha wakiwa na mishumaa mikononi. Tena karibu na hapo, katika Remera, yako makaburi ya mashujaa wa taifa, alipozikwa Bibi Agathe Uwilingiyimana, na penye kaburi la askari asiyejulikana. Familia inayokwenda kutazama mpira aghalabu ina nafasi ya kupitia hapo kwanza. Mtoto atauliza, na mzazi ajibu kwa kadiri ya umri wa mtoto: asimfiche, wala asimtie hofu ya usiku. Ataanza na jina la Lando lililo katika hoteli ya njiani, kisha la kapteni wa Senegal aliyekuwa na sigara badala ya bunduki. Mtoto hukumbuka watu kuliko hesabu.

Na mtoto wa askari au wa polisi atauliza swali lake la ziada: "Baba, wewe ungebaki?" Au atamwuliza mama yake, maana leo kina mama wengi wamevaa sare. Swali hilo halijibiwi kwa kujigamba. Hakuna ajuaye atakavyofanya siku ya siku ikifika. Lakini mazoea ya mtu huanza katika siku za kawaida. Askari wa zamu ambaye siku ya mchezo humpisha mzee mwenye mkongojo, humrudishia mama mtoto wake aliyepotea katika umati, hazipokei senti za mlanguzi wa tiketi, wala hapigi kirungu kwa sababu tu anacho, huyo anajifunza kusimama mlangoni. Na yule anayetumia sare yake kuwaonea watu wa foleni, huyo naye anajifunza jambo jingine, na Gatwaro yaonyesha jambo hilo laweza kumfikisha wapi.

Jioni mchezo ukiisha, watu hutoka kwa maelfu kuelekea Gisimenti. Walioshinda huimba, walioshindwa huilaumu refa. Moshi wa mishikaki hupanda, watoto hulala mabegani mwa baba zao, na magari hupiga honi. Langoni hubaki askari mmoja au wawili, wakingoja mtu wa mwisho atoke. Ni kazi ndogo ambayo hakuna aipigiaye makofi. Lakini watu 12,000 waliwahi kuishi kwa sababu ya kazi hiyo.